Zawadi ya kufunga mwaka kwa walimu na dada wa dei kea: wazazi wa Moshi na Arusha mnatoa shilingi ngapi?

Binti wa Rau (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wapendwa.

Nina mtoto wa miaka miwili na miezi minne. Yuko dei kea moja hapa Moshi tangu ana miezi saba. Mimi nafanya kazi ya zamu hospitalini, baba yake yuko Dar, kwa hiyo saa ambazo mtoto yuko macho, nyingi anazimalizia kwa wale dada na si kwangu. Wanafunga wiki ijayo na kwenye grupu la wazazi mjadala wa zawadi umewaka. Mmoja kasema elfu hamsini kila mzazi bila kukosa. Mwingine kasema ada tunayolipa inatosha. Mtunza fedha kaweka namba ya kutuma, watatu wameshatuma, na majina yao yamebandikwa na kiasi mbele kama orodha ya mchango wa harusi.

Niwaambie kwa nini nimekuja kuuliza huku. Mwaka jana nilitoa 20,000 yangu, sikuuliza kitu. Ikanunuliwa keki kubwa, saa ya ukutani na kitenge cha mwalimu mkuu. Picha zikapigwa, tukapongezana kwenye grupu. Kesho yake nikapita kuchukua godoro la mtoto. Nikamkuta dada anayewabadilisha nepi yuko uani, ameinamia beseni anafua mashuka ya vitanda vya watoto. Nikamwambia dada hongereni kwa zawadi. Akanyanyuka, akafuta mikono kwenye khanga, akaniuliza: "Zawadi gani mama?"

Keki ilikatiwa ofisini saa saba mchana. Saa saba yeye alikuwa anawalaza watoto. Hata kipande hakikumfikia.

Na huyo dada ndiye anayeandika daftari la mwanangu. Kila jioni nalikuta kwenye begi: "Uji kamaliza. Wali nusu. Choo mara 2, cha pili chepesi. Kalala saa 7 mpaka 8 na nusu, kashika sikio langu." Mwanangu halali mpaka ashike sikio la mtu. Sikuwahi kumwambia dada hilo. Aligundua mwenyewe.

Basi naomba mnisaidie mambo matatu: kiasi gani, kwa nani, na impitie nani ili ifike. Mwaka huu sitaki tena kuona haya uani.

---

Mangi wa Pasua

Dada pole. Mimi msimamo wangu ni ada inatosha, na nasema kwa nia njema. Kituo cha wanangu ni 90,000 kwa mwezi, wako wawili. Ongeza nauli ya hiace, nepi, maziwa, mchango wa mahafali, mchango wa kuwapeleka matembezini. Mwenye kituo ndiye mwajiri. Kama wafanyakazi wake wanalia njaa Desemba, aulizwe yeye. Tukianza kuwaongezea sisi, yeye hatapandisha mshahara milele, atasema wazazi wanawaangalia.

---

Ua la Mgomba

Mimi huwa 10,000 kwa kila mmoja, mkononi, siku ya mwisho ninapomchukua mtoto. Walimu wawili na dada mmoja, jumla 30,000. Sipitishi kwa mtu na sisubiri grupu. Naiweka ndani ya bahasha ndogo zile za sadaka, mtoto anakabidhi mwenyewe.

---

Mzazi wa Njiro

Huku Arusha kituo chetu wazazi wengi wanafanya kazi za utalii, na Desemba kuna wageni, hela ipo. Matokeo yake ni mashindano. Kuna mzazi alileta jiko la gesi na mtungi wake akampa mwalimu mmoja mbele ya wenzake wote. Mwalimu mwenyewe alishindwa pa kuangalia. Wiki nzima wenzake hawakuwa wanamsemesha vizuri, na alikuja kuniambia kwamba angeweza angelirudisha.

Kwa hiyo zawadi kubwa kwa mmoja inaweza kumharibia kazi. Toeni sawa kwa sawa.

---

Mwalimu wa Chekechea

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nimesoma kimya, nikaona niandike kwa sababu mimi ndiye mnayemjadili. Nimefundisha watoto wadogo miaka tisa, vituo vitatu, Moshi na Arusha. Naomba mnivumilie, nitaandika ndefu.

Kwanza mshahara. Wangu haujawahi kuvuka laki mbili na nusu. Dada wasaidizi wanapata chini ya hapo. Kituo kikifunga mwanzoni mwa Desemba, vipo vinavyolipa mwezi mzima na vipo vinavyolipa siku ulizofanya kazi tu. Hapo hapo Desemba nauli zinapanda, nyumbani wanakusubiri, na Januari watoto wako nao wanatakiwa sare na madaftari. Mimi kwetu ni Same. Nikienda Krismasi siwezi kufika kwa mama mikono mitupu.

Kwa hiyo mkiniuliza mimi, pesa taslimu, na iwe kabla hatujafunga. Pesa ina heshima yake. Haitaki fundi, haitaki friji. Kitenge ni kizuri, lakini fundi wa maana hapa mjini hakishoni bure, mwisho kinakaa sandukuni mpaka harusi ya mtu. Nina vikombe kumi na vinne vyenye maandishi ya kumsifu mwalimu. Nawapenda walionipa, ila siwezi kunywea chai vikombe kumi na vinne.

Pili, na hili naomba mlisome taratibu. Zawadi ya kwanza ni kulipa ada kwa wakati. Vituo vyetu havina mfuko mwingine, mshahara wangu unatoka kwenye ada yenu moja kwa moja. Wazazi saba wakikaa na ada ya miezi miwili, mwenye kituo anatuita anasema mvumilie mpaka tarehe kumi na tano. Nimewahi kupokea keki nzuri sana kutoka kwa mzazi aliyekuwa anadaiwa miezi mitatu. Nilishukuru kwa moyo wangu wote, maana alikuwa na nia njema. Lakini usiku ule mwenye nyumba wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi ananisubiri.

Tatu, barua. Si kadi ya dukani. Mzazi mmoja wa Kiborloni alikaa akaandika ukurasa mmoja kwenda kwa mwenye kituo. Akaeleza kwamba mimi ndiye niliyegundua mtoto wake hasikii vizuri sikio la kulia, kwa sababu alikuwa anageuka upande mmoja tu nikimwita, na kwamba alipompeleka hospitali ikaonekana kweli. Barua ile iliwekwa kwenye faili langu. Mwaka uliofuata nilipoomba nyongeza, mwenye kituo aliifungua akaisoma mbele yangu. Nilipata 30,000 zaidi kila mwezi. Pigeni hesabu ya mwaka muone ile barua ilikuwa shilingi ngapi.

Kiasi? Nimepokea 2,000 na nimepokea 100,000. Zote nilizipokea kwa mikono miwili. Mzazi wa kawaida akinipa 10,000 nafurahi sana, na kumi wakinipa hivyo nimeenda Same, nimerudi, na unga nimenunua.

---

Binti wa Rau

Mwalimu, marahaba, na asante sana. Hilo la ada limenigusa kwa sababu na mimi nadaiwa nusu ya Novemba. Nimeilipa sasa hivi kwa simu kabla sijakuandikia.

Kaka Mangi, nakuelewa. Hata mimi naona mshahara ni jukumu la mwenye kituo. Lakini ndani ya wiki hizi mbili mimi siwezi kumbadilisha mwenye kituo, na yule dada uani Krismasi yake ni hii hii. Haya mawili hayapingani. Januari tukiitisha kikao cha wazazi nitasimama nawe niulize wanalipwa kiasi gani.

---

Mangi wa Pasua

Hapo sawa dada. Mwalimu naye kanifanya nifikiri. Sikujua habari ya mshahara kukatwa siku za likizo.

---

Ngarenaro Kwetu

Assalaam alaykum. Naongeza kidogo. Kituo cha mwanangu, walimu wawili kati ya wanne ni Waislamu. Wazazi wakiita "zawadi ya Krismasi" wale wawili wanakaa pembeni kana kwamba haiwahusu. Sisi tuliamua tuite zawadi ya kufunga mwaka, wote wanapata kiasi kimoja. Kisha mwezi wa Ramadhani wazazi tunaojiweza tunapeleka tende, sukari na mchele kwa wale wanaofunga, na siku ya Iddi dada wa Kikristo hawaachwi nje ya sahani ya pilau. Haijaleta neno hata siku moja.

---

Karani wa Zamani

Samahani kwa kuingiza sheria, lakini naona watu wanachanganya vituo binafsi na darasa la awali la shule ya serikali. Mwalimu wa awali wa serikali ni mtumishi wa umma, ana kanuni za maadili zinazomfunga kwenye suala la zawadi. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haikomei serikalini, inamgusa hata aliyeajiriwa na mtu binafsi. Kinachoangaliwa ni nia. Ukimpa mwalimu bahasha kwa siri mwezi wa nafasi kugombaniwa, ili mtoto wako aingie au apendelewe, hiyo haiitwi zawadi hata ukiifunga utepe.

Nilikaa ofisi ya umma miaka mingi, na niliyemwona akipata matatizo kila mara alikuwa amepokea peke yake, kimya kimya, kutoka kwa mtu mwenye shida inayosubiri sahihi yake. Kwa shule ya serikali ushauri wangu ni huu: zawadi itoke kwa darasa zima, iwe ndogo, itolewe mbele ya mwalimu mkuu, mitihani na ripoti zikiwa zimeshatoka. Na pasiwe na mtoto anayeulizwa mbona kwenu hamjachanga. Elimu bila ada, ambayo imeanza 2016, inaanzia awali. Mzazi asije akaona mchango wa zawadi ni ada iliyoingilia mlango wa nyuma.

---

Mchagga wa Mbali

Niko Massachusetts, Marekani, nyumbani Marangu. Huku mambo haya wameyaandikia sheria kabisa. Mwalimu wa shule ya umma jimboni hapa haruhusiwi kupokea kwa mzazi mmoja zawadi yenye thamani ya dola 50 au zaidi. Lakini darasa likichanga kwa pamoja linaweza kumpa mpaka dola 150 kwa mwaka, kwa sharti kwamba zawadi inasomeka imetoka kwa darasa, na mwalimu haambiwi nani katoa wala katoa kiasi gani.

Dei kea binafsi hazibanwi na hiyo. Huko kila mzazi na uwezo wake, na wengi wanatoa pesa au kadi ya kununulia vitu dukani. Yaya wa nyumbani ndiye hupewa zaidi, mazoea ya wengi ni kama mshahara wa wiki moja.

Msichukue dola zetu mkazigeuza shilingi, mtaumizana bure. Chukueni lile sharti la majina. Nilipoliona mara ya kwanza nilikumbuka vikao vya harusi nyumbani, jinsi mtu anavyosomwa jina na ahadi yake mpaka anakopa.

---

Ndizi Mshale

Mimi nauza ndizi Mbuyuni. Mwanangu yuko kituo cha 45,000 kwa mwezi na hiyo yenyewe naitafuta kwa jasho. Mwaka juzi kwenye grupu letu waliandika majina ya waliotoa, chini wakaandika "bado" na majina yetu sita. Nilitoka kwenye grupu. Mtoto alipofunga sikwenda kumchukua mwenyewe, nilimtuma mdogo wangu, kwa sababu sikuwa na uso wa kumtazama mwalimu.

Mwalimu alinipigia Januari akauliza mama mbona umepotea? Nikamwambia ukweli. Akaniambia yeye orodha hiyo hajawahi hata kuiona.

Mwaka jana nilipeleka mkungu wa mshale na embe, wakagawana wote watano jikoni. Mwaka huu nitapeleka tena. Naomba wenye uwezo mnapopanga viwango mkumbuke tupo.

---

Binti wa Rau

Dada Ndizi Mshale, pole sana, na asante kwa kusema. Nimetoka kumpigia mtunza fedha wetu nikamweleza kisa chako bila kukutaja. Alinyamaza kidogo, akasema "nilidhani ndiyo uwazi." Nikamwambia uwazi ni wa jumla iliyopatikana na ilikokwenda, si wa mfuko wa mtu. Ameifuta ile orodha. Sasa anaandika tu jumla kila jioni.

---

Fundi Cherehani

Kwa wanaotaka kununua vitu, neno moja kutoka kwa mtu wa vitambaa. Doti ya khanga ni zawadi ya heshima na haihitaji fundi mwenye jina, hata upindo unaweza kushona mwenyewe nyumbani. Lakini SOMA MAANDISHI kabla hujalipa. Mteja wangu mmoja alipenda rangi, akamnunulia mwalimu wa mtoto wake. Khanga ilikuwa na maneno ya kumsuta mtu mwenye husuda. Mwalimu aliisoma, akaikunja, akairudisha kwenye mfuko. Miezi miwili mama yule anajiuliza kamkosea nini, mpaka alipokuja kwangu tukaikunjua pamoja.

Tafuta yenye kushukuru au kuombea heri. Zipo nyingi, ukimwambia muuzaji atakuchambulia.

---

Ua la Mgomba

Fundi umenikumbusha. Na kama mnatuma kwa simu, wekeni na ya kutolea. Dada wa kituo chetu alitumiwa 10,000 na kila mzazi kwa siku tofauti, kila akienda kwa wakala inakatwa. Akishakatwa mara tano inauma. Aidha mchange muitume kwa mkupuo mmoja au mpeni noti mkononi.

---

Mzazi wa Njiro

Swali kwa Mwalimu wa Chekechea. Mwenye kituo chetu anasema zawadi zote zipitie ofisini "ili zigawanywe kwa haki." Ni sawa?

---

Mwalimu wa Chekechea

Mama wa Njiro, inategemea mwenye kituo. Nimefanya kazi kwa mama mmoja aliyekuwa anatuita wote, anamwaga bahasha mezani, tunahesabu pamoja, tunagawana mpaka na mlinzi. Sikuwa na wasiwasi naye hata siku moja. Kwingine zilipitia ofisini, tukaja kuambiwa zimenunua rangi ya ukuta. Ukuta ulipendeza kweli, lakini hatukuwa tumeomba rangi.

Unachoweza kufanya ni kuwaambia wafanyakazi wenyewe jumla ni kiasi gani kabla haijafika ofisini. Kwa mdomo, kwa upole: "Wazazi tumechanga laki mbili na sabini, ni zenu wote sita." Ikishasikika hivyo na watu sita, itafika.

Na jambo dogo ambalo wengi hamlijui. Siku ya mwisho, mchukueni mtoto mapema. Mwaka juzi nilikosa basi la Same kwa sababu mtoto mmoja alibaki mpaka saa moja usiku. Baba yake alikuwa anatafuta mbuzi wa kupeleka migombani. Alikuja na 20,000, akaniomba radhi sana, nami nikamsamehe. Lakini nililala Moshi, na nauli ya kesho yake ilikuwa nyingine.

---

Mangi wa Pasua

Nimerudi. Nimemuuliza mke wangu tunadaiwa kiasi gani kituoni, kumbe tuko sawa, anayelipa ni yeye na hachelewi. Nikamuuliza mwaka jana alitoa zawadi? Akasema alitoa 15,000 kwa matroni wa hiace peke yake. Kwa nini matroni? Akaniambia mdogo wetu alikuwa anatapika kwenye gari kila asubuhi muhula mzima wa kwanza, na yule mama alikuwa anampakata, anabeba mfuko wake na kitambaa chake, na hakuwahi kulalamika kwetu. Mimi baba mwenye nyumba sikujua mtoto wangu anatapika kwenye gari.

Nimebadili msimamo. Nitatoa. Na kwenye kikao cha Januari nitauliza mishahara.

---

Binti wa Rau

Wapendwa, nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi wengine inbox. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa zamu ya usiku siku nne mfululizo.

Tulikubaliana kwenye grupu kwamba hakuna kiwango. Tuko wazazi wa watoto 22. Kwa kuwa majina hayakuandikwa, mtunza fedha alinipa mgawanyo tu: tisa walitoa 20,000, wanane walitoa 10,000, watatu walitoa 5,000, wawili hawakuweza na hakuna aliyewauliza. Jumla 275,000. Mwaka jana tulipobandika majina tulipata 210,000. Mimi nilidhani watu wasipoonekana watatoa kidogo. Kumbe waliokuwa wanakimbia orodha kwa aibu ya elfu tano walikuja na elfu tano zao.

Halafu tukakaa watatu kwenye benchi la kituo, saa ya kuwachukua watoto, tukajiuliza: tangu mtoto anapofika getini mpaka anapoondoka anashikwa na nani? Tukaandika kwa kalamu. Mlinzi anamfungulia na kumshusha kwenye bodaboda. Mwalimu. Mwalimu msaidizi. Dada wa nepi. Mpishi wa uji na wali. Matroni. Mwalimu mkuu hakuwemo kwa sababu ndiye mwenye kituo. Tulimwandikia barua, na alipoambiwa mapema kwamba mwaka huu ni wa wafanyakazi alisema afadhali, mwaka jana alijisikia vibaya.

Tukagawa hivi: mwalimu 60,000, msaidizi 60,000, dada wa nepi 60,000. Mpishi 35,000, matroni 30,000, mlinzi 30,000. Kulikuwa na ubishi kidogo kama dada apate sawa na mwalimu mwenye cheti. Mama mmoja, ambaye kwa kawaida huwa kimya kabisa, akauliza: "Ni nani kati yao amemfuta mwanao mavi mara nyingi zaidi?" Ubishi ukaisha.

Tulitoa pesa taslimu, noti mpya kutoka benki, kila mtu na bahasha yenye jina lake na neno moja tu, "Asante, wazazi wa watoto 22." Tuligawa saa nne asubuhi, wakati watoto wanakunywa uji na wafanyakazi wote wako pamoja, si saa saba ya kulala.

Barua mbili zimeandikwa kwa mwenye kituo. Moja ya kwangu, kuhusu dada na sikio.

---

Mzazi wa Njiro

Hongereni sana. Na dereva wa hiace je? Umemtaja matroni tu.

---

Binti wa Rau

Dada yangu, umeona vizuri. Gari si la kituo, ni la wazazi tisa wenye mkataba na dereva. Hao wamechanga wenyewe pembeni, wamempa 45,000 siku ya safari ya mwisho.

---

Mwalimu wa Chekechea

Mmefanya vizuri. Mlinzi kupata bahasha yenye jina lake, hilo sijaliona popote nilikofanya kazi. Mimi nasafiri kesho asubuhi. Mzazi mmoja amelipa ada ya Novemba na Desemba kwa pamoja leo mchana na mwenye kituo ametulipa wote kabla ya jioni. Sijui kama anasoma huku. Kama anasoma, nimefunga sanduku nikiwa naimba.

---

Ndizi Mshale

Binti wa Rau, dada mwenyewe alisemaje alipopata bahasha?

---

Binti wa Rau

Hakusema kitu pale. Aliiweka ndani ya blauzi akaendelea kumnywesha uji mtoto aliyekuwa mapajani. Jioni nimefungua begi nikakuta daftari, kaandika ukurasa wa mwisho wa mwaka:

"Uji kamaliza. Ugali na dagaa kamaliza. Choo mara 1, kizuri. Kalala saa 6 na dakika 40, sikio. Bahasha nimepata mama. Viatu vinambana kidole gumba, Januari mlete namba 24."